Ngozi ya Pili

Chelagat alikuja Kangemi na ndoo ya lita tano,
ndani yake uji mwepesi usio na rangi ya kutajika:
wanga wa muhogo, ute wa mshubiri, gundi ya mgunga wa Isiolo,
kavichemsha mwenyewe kule Kabete.
"Mama Kwamboka, nipe mapapai kumi.
Mengine kumi uyaache uchi."

Nikacheka. Miaka kumi na tisa nauza matunda
sijaona tunda likivishwa nguo.
Mimi najua gunia lililoloa,
najua kulaza upande wenye doa ukutani,
na kushusha bei saa kumi na moja jioni,
maana apangaye bei si mimi, wala si dalali:
ni uozo. Hana haraka, na hakopeshi.

Akayachovya mojamoja, akayaanika juu ya wavu wa kuku.
Nikapitisha kidole: hakuna kitu.
"Tunda likichumwa halifi, mama.
Linapumua, linakula akiba yake.
Hii inalizuia kuitapanya."
Nikamwuliza kama ipo na ya kumpaka mume.

Siku ya nne, yaliyo uchi yakaota madoa.
Siku ya sita, nzi wakajua njia.
Siku ya nane nikamwita mwenye nguruwe wa Uthiru.
Na yale kumi yapo tu, yameshupaa, shingo za kijani,
kama wageni wasioambiwa karamu imekwisha.

Siku ya tisa, mama mmoja wa Loresho akabonyeza kwa dole gumba
(dole hilo limenitia hasara kuliko mvua).
"Mbona linang'aa? Umelipaka nini?"
Meza za jirani zikanyamaza.
Maneno yote ya Chelagat yakanitoka,
wanga, ute, gundi, yote.
Nikalitwaa papai, nikalilamba
toka kikonyo hadi kitako, mbele za watu.

Akanitazama. Akanunua mawili.
Si lile.

Lile nililila nyumbani siku ya kumi na mbili:
mbegu nyeusi, nyama ngumu bado kwa kisu,
utamu umepungua kidogo, sitadanganya.

Ndoo ilikwisha Jumatano. Simu ya Chelagat haipatikani.
Usiku huu nina muhogo mezani, na sufuria,
nakuna, nakamua, nakoroga,
nikijaribu kukumbuka alisema
uchemke mpaka lini.