Koti la Hewa

Niliposema nataka kuzamia, Kadutu nzima iliniuliza:
"Unamtafuta nani?"
Maana kwetu Bukavu, anayeingia chini ya ziwa
huenda kumrudisha mtu.
Nikajibu: natafuta umeme.
Chupa zimeziba mdomo wa Ruzizi,
mitambo imekohoa, pasi yangu imepoa
juu ya suruali ya bwana harusi, Ijumaa, saa kumi na moja.
Mtu akichoka kungoja, huenda kuzibua mwenyewe.

Balagizi, anayefundisha wazoaji wa taka za majini,
alinipeleka ghalani Muhumba.
Makoti matatu yalining'inia misumarini
kama nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
"Mtungi, kinyago, mapezi, vyote vya kikundi.
Ila koti, Cibalonza, chagua mwenyewe.
Ndilo litakalokushika."

La kwanza jekundu, zuri, la mtu mnene.
Lilipojaa hewa likanipanda hadi masikioni,
nikawa mtoto aliyevalishwa sare ya kakaye.
Nguo pana husameheka kanisani.
Majini, alisema, itaelea yenyewe
na wewe utabaki chini yake.

La pili lilibeba hewa mgongoni tu, mabawa mawili.
Chini ni raha, utalala kama samaki.
Lakini tulipojaribu ukingoni, juu ya maji,
likanisukuma kifudifudi,
uso ndani, kama anayetafuta franka mia iliyoanguka.
Labda mwakani.

La tatu, la kijivu, halina sura.
Bega moja limeshonwa na mtu mwenye haraka:
mishono mirefu, uzi wa pamba. Pamba, jamani, majini!
Nililijaza, nikalizamisha kwenye beseni,
nikasubiri kama unavyosubiri mtoto aseme ukweli.
Hakuna povu.
Nikabonyeza kitufe cha kutoa hewa, kikatoa;
nikaachia, kikanyamaza.
Vidole viwili viliingia chini ya kila ukanda:
hicho ndicho kipimo changu hata kwa sketi.

"Hilo baya," alisema Balagizi.
Nikamwambia nipe usiku mmoja.
Nilifumua bega, nikalishona upya kwa uzi wa nyavu za sambaza,
mara mbili, kwa mkono, kwa taa ya simu,
kwa sababu umeme...
Wahenga walisema vyaelea vimeundwa.
Wahenga walikuwa maseremala.
Vingine vimeshonwa.

Asubuhi akaniletea mkanda wa risasi.
Neno lile! Mama aliyekuwa akifua karibu nasi
akainua kichwa, akatazama barabara.
"Risasi ya kuzamia, mama. Madini tu. Vipande vinne."
Akarudi kwenye shuka zake, polepole,
nami nikafunga kiunoni, kimya,
kitu ambacho mji huu unakijua kwa sauti yake.

Ziwa letu halina chumvi, halibebi mtu bure.
Pumzi ndani, napanda kidogo. Pumzi nje, nashuka.
Hewa kidogo kwenye koti. Kidogo! alikuwa ameonya,
maana hewa ya chini ikipanda hunenepa
na kukurusha juu kama kizibo.
Yote hayo alinieleza mara tatu nchi kavu,
nami nikaitikia kwa adabu, bila kuelewa.
Pale chini, mita nne,
kati ya mfuko wa sukari na kandambili moja,
sipandi wala sishuki,
ndipo yaliponielea.

Balagizi akakutanisha dole gumba na cha shahada: salama?
Nikamjibu vivyo hivyo.
Halafu akanyoosha kidole kwenye mguu wangu wa kulia.
Ulikuwa unakanyaga, unakanyaga
cherehani.