Kifuniko Peke Yake

Nilikifunga ndani ya shuka ya mtoto,
nikakipakata kutoka Siyu mpaka jeti ya Amu
kama mtu anayepeleka mgonjwa;
kila injini ilipokohoa nilikikaza tumboni.
Karo ilikuwa imebakiza siku tisa.

Lali Shekuwe ana duka Langoni lisilo na kibao.
Hakuuliza nimetoka wapi. Alitandaza gazeti,
akanawa, akakausha kidole kimoja kimoja,
kisha akakigonga kwa ukucha wa gumba
na kuinamisha sikio, kama anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyojua kama ina mtu.

Ting.

"Kizima," akasema. "Kingekuwa na ufa wa siri
kingejibu kama mwenye mafua."

Akakigeuza juu chini. "Watu hutazama maua.
Mimi hutazama pale ambapo fundi hakutaka kutazamwa."
Akanionyesha ukingo wa ndani usio na mng'ao,
udongo mtupu wa rangi ya biskuti,
chembe tatu za mchanga zimeung'ang'ania
tangu tanuri ambalo aliyelikoka amekufa
na waliomzika wamekufa.
Akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ndiyo, ulimi.
Udongo ukaushika kidogo, naye akaitikia kwa kichwa.

"Za kuchapishwa zina vidoto, kama upele wa joto.
Hii buluu ni ya brashi. Tazama: hapa wino umejaa,
hapa mkono umechoka, na petali hii ya mwisho
imebanwa kwa sababu nafasi ilimwishia.
Mashine haiishiwi nafasi.
Hiki si cha yana, mwanangu. Wala si cha yuzi."

Nikaanza kuhesabu karo, na chenji ya karo.

Halafu akafika kwenye pengo,
dogo, kama ukingo umeumwa na panya.
Akafyonza. "Hapa nusu ya bei imetoka."

Sikumwambia kwamba pengo hilo ni langu.
Kilifunika samli, wakati samli ilikuwa ya nyumba moja.
Nilikiangusha nikiwa na miaka sita,
nikaficha kipande chini ya ulimi
mpaka Mama alipoacha kuuliza.
Ulimi wangu uliujua udongo ule kabla ya wake.

"Na mtungi wake?"

Upo Pate.
Walipogawa mirathi, Mama na mama mdogo Mwanahidi,
hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake,
basi mmoja akachukua mwili, mmoja akachukua kofia.
Miaka ishirini na tatu
mtungi umekaa kidakani na sahani ya plastiki kichwani,
na kwetu kifuniko hakifuniki kitu.
Mama kafa. Salamu hupita kwenye harusi,
tena kwa mdomo wa mtu wa tatu.

Lali akaandika tarakimu mbili pembeni mwa gazeti.
Ya kwanza ilitosha viatu vya shule.
Ya pili, ya vyote viwili, niliisoma mara tatu
nikitafuta sifuri iliyoingia kwa makosa.

"Lakini kila anayekuja hapa ana mtungi Pate," akasema.
"Nipimie."

Nikatoa uzi wa kushonea kofia, mweupe,
nikauzungusha kwenye ukingo wa ndani, nikapiga fundo.
Nahodha wa boti ya Pate aliupokea
ndani ya karatasi ya sukari. Sikuandika neno.
Ningeandika nini?

Karo nililipa kwa kofia mbili
nilizouza kabla macho yake hayajaisha kutiwa uzi,
kwa bei ya kutia aibu.

Ijumaa ya pili uzi ukarudi.
Fundo langu lilikuwa palepale.
Mbele yake, umbali wa punje ya mchele,
kulikuwa na fundo jingine,
kubwa, baya, la mkono usiojua kushona:
mdomo wa mtungi umekizidi kifuniko kwa punje hiyo,
kama inavyopasa, ili kiingie na kutoka.

Sijamwambia Lali.
Karatasi ilinukia samli.