Mikono Minne

Bibi Leokadia, mikono yako ilikuwa myekundu hadi viwikoni,
na siki haikuing'oa rangi ile, wala sabuni, wala Jumapili.
Ulinisimulia kwamba mto nyuma ya kiwanda
ulibadili nguo kwa kufuata oda:
Jumatatu buluu, Alhamisi kama damu iliyolala.

Mimi nami ni mtu wa rangi. Ila kitambaa sina.
Nina chembe ya zambarau, bapa mfano wa sahani,
pembe nne, na kila pembe nimeipachika mbegu.
Moyoni nimeitia zinki mapema,
maana shaba nitakayoileta kuamsha kazi
ni mgeni asiyebisha hodi:
akikuta moyo mtupu, huhamia.
Rangi hubaki. Mwanga hufa.

Usiku wa kwanza hewa ilipenya, hakikuota kitu.
Usiku wa pili nilitoka kunywa chai,
nikarudi nikakuta jeli:
nyota zimeshikana mikono, zimekuwa bonge moja
la waridi lisilokubali kuyeyuka kwa lolote.
Profesa Wężyk aliligonga kwa kalamu.
"Tamaa," alisema, akaenda zake, kalamu akaisahau.

Usiku wa tatu niligandisha, nikafyonza hewa, nikayeyusha;
nikagandisha, nikafyonza, nikayeyusha;
mara ya tatu hapakutoka povu.
Nyuzi sitini. Nikavuta kiti.

Ungeipenda saa hii, Bibi.
Kila mkono hulala kuliko unavyokesha.
Shaba huubandua kifuniko, mkono hushtuka,
hudaka kiungo kimoja, labda viwili,
kisha hufunikwa tena, usingizi.
Ndiyo siri ya minne kulingana urefu:
hakuna unaoachwa macho ukatangulia wenzake.

Saa nane na robo, asilimia thelathini.
Zaidi ya nusu ya nilichomimina
kilikuwa bado kinaelea bure,
cha bei kali, kikinitazama.
Nilihesabu mpaka kumi. Nikahesabu tena.
Nikang'oa kizibo, hewa ikaingia, basi.

Asubuhi nilichuja. Shaba ilikwama juu,
kijani kama ukungu wa mkate.
Kwenye methanoli baridi zikashuka nyuzi laini, kidogo sana,
zingetosha kijiko cha chai.
Nikafunga mapazia, nikawasha taa ya urujuanimno.

Bibi, zilikuwa nyekundu.

Chembe hizi zikibanana huzimana,
kila moja hula mwanga wa jirani yake.
Mikono ndiyo huzitenga,
si kwa kusukuma, kwa kuchukua nafasi tu.
Nikawakumbuka nyinyi, sita chumba kimoja kule Bałuty,
shifti ya usiku ikiamka, ya mchana ikiangukia
godoro lile lile likiwa bado na joto.
Sijui nani alikula mwanga wa nani.

Kwenye kichupa nimeandika L-3, thelathini.
Wężyk akauliza L ni nini.
Leokadia, nikasema.
Akatikisa kichwa, akaandika daftarini,
akaniuliza inauzwa wapi.