Fomu ya Machaguo

Walinipa kazi hii kwa sababu ya kiti.
Ofisi yangu, stoo ya ramani za zamani,
ndiyo pekee yenye kiti cha pili,
basi mkuu akasema: Mwalimu Shekivuli,
kuanzia leo wewe ni mshauri wa taaluma.
Kiti chenyewe nati imepotea,
mguu umefungwa kwa kamba ya katani.

Wanakuja mmoja mmoja baada ya kengele ya saa nane,
vumbi la Mikanjuni kwenye pindo za sketi,
fomu imekunjwa mara nne kama noti ya nauli.
Chaguo la kwanza. La pili. Mpaka la tano.
Wana miaka kumi na saba.
Mimi na arubaini na tisa yangu
bado nasimama dukani mbele ya sabuni mbili
nisijue nichukue ipi.

Singano kaandika udaktari, mistari yote mitano.
Mama yake anamwita Dokta tangu darasa la tatu,
shangazi zake wa Korogwe wameshamwekea akiba ya magonjwa.
Kemia yake nimeiona. Yeye pia ameiona.
Tuliitazama kama wageni wawili kwenye msiba mmoja.
Sikumwambia acha. Nilimwuliza:
ukiona damu unafanyaje?
Akasema, "Mwalimu, mimi nazimia."
Tukacheka hadi ramani ya Ulaya ikadondoka.

Hozza, wa baiskeli za Barabara ya Kumi na Tatu,
husikia gololi iliyokufa ndani ya gurudumu
jinsi mama asikiavyo kikohozi cha mwanawe usiku.
Baba yake hataki kulisikia neno ufundi.
"Ufundi ninao mimi. Huyu nimemsomesha ashike kalamu."
Nikamwita. Alikuja na grisi yake kwenye kucha,
akakaa, akainuka, akakipindua kiti,
akatoa nati mfukoni, akaikaza kwa spana,
kisha, bila kunitazama,
akauliza hicho chuo cha ufundi ada yake shilingi ngapi.

Halafu Mwanaidi Mbaruku.
Fomu yake nyeupe kama alivyopewa.
Alinyamaza kitambo; nje mtu ananadi visheti.
"Mwalimu, yule mtu wa mizani njia ya Pongwe,
anayesimamisha malori ya saruji
akasema hili limezidi, rudi,
yeye alisomea nini?"

Miaka ishirini na mbili nafundisha.
Nimewatajia marubani;
rubani hata mmoja simjui.
Na malori yale hutikisa dirisha langu kila asubuhi.
"Sijui," nikasema.
Neno dogo, lakini ndilo la kweli la kwanza
nililolitoa ndani ya stoo ile.

Jumamosi nikachomeka suruali kwenye soksi, nikapanda baiskeli.
Mtu wa mizani anaitwa Mhando.
Alinitazama kama nataka rushwa, au kama nimeileta.
Nikamwambia: nimetumwa na mwanafunzi.
Akaenda kunawa mikono.
Hakuna aliyewahi kumwuliza.
Akanieleza cheti, stashahada, mizani na vipimo,
hesabu wanayoitaka, fizikia wanayoitaka,
na usiku ule dereva alipomtolea panga,
na kwamba jiwe la kupimia nalo hupimwa.
Niliandika yote nyuma ya risiti ya unga.

Sasa nina daftari.
Aendeshaye winchi bandarini, nimemwuliza.
Msichana wa maabara ya maji.
Mama atafsiriye kwa mikono pale mahakamani.
Wote huanza na swali moja:
nani kakutuma?

Jana Mwanaidi amerudi. Nikamsomea risiti.
Hakuruka, hakushukuru.
"Na wanawake wapo?"
Hilo nilikuwa sikuliuliza.
"Jumamosi twende. Mlete na mama."

Akaandika mstari wa kwanza kwa penseli,
herufi nyepesi, kama anayeonja chumvi.
Minne chini yake bado mitupu.
Zimebaki siku tisa.
Nimemwachia penseli, na kifutio.