Haikunienea

Imerudi siku ya tano baada ya Idi
ndani ya mfuko uleule nilioufunga mwenyewe,
gundi imebanduliwa polepole
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Sababu ya kurudisha: haikunienea.
Hali ya bidhaa: haijavaliwa.

Haijavaliwa!
Basi nani aliyeifukiza udi,
tena udi wa maana, si huu wangu wa kopo?
Nani aliyedondosha halua kifuani, tone moja tu,
akalifuta kwa maji ya waridi
mpaka likawa ramani?
Pindo la nyuma lina mchanga.
Kwapani chumvi imeacha mstari mweupe.
Na mfukoni,
mfuko niliomwambia Rezaul aufiche kwenye mshono
maana wanawake wa Mabela tumechoka kushika simu mkononi,
mfukoni mna noti ya baisa mia, mpya,
imekunjwa mara nne.
Sikukuu ya mtoto fulani
aliyekwenda kulala bila kupewa.

Napiga picha chini ya taa ya jikoni.
Doa. Pindo. Kwapa, Mungu anisamehe.
Harufu haipigiki picha.

Soko la mtandaoni naliandikia Kiarabu
kilichonyooka kama kanzu ya Ijumaa:
baada ya salamu, tafadhali tazameni viambatisho.
Kiswahili nimekibakiza humu jikoni.
Nimemwita kupe. Nimemwita mla kwa miadi.
Nimemwita jina ambalo bibi yangu alitoka nalo Wete
na hakulitamka hata siku moja mbele ya wanaume.

Jibu limefika chai haijachemka:
Tumeipitia kesi yako kwa makini.
Mteja amerudishiwa fedha zake.
Rial ishirini na nane na nusu.
Na nauli ya kuirudisha, rial mbili, juu yangu.

Nimehesabu nyuma ya bili ya umeme.
Kitambaa kumi na moja, Rezaul saba,
shanga tatu, soko lenyewe nne.
Yangu mimi ilikuwa tatu na nusu,
na hiyo nilishaila kichwani
tangu siku ya Arafa.

Usiku Thuraya, binamu yangu, kanitumia picha
za arusi ya mtoto wa shemeji yake, Barka.
Safu ya pili, karibu na keki:
kijani ile, shanga zile,
na yeye ndani yake anacheka, kichwa nyuma,
mkono mmoja kiunoni.

Nimeikuza picha kwa vidole viwili.
Mabega yamekaa. Kiuno kimekaa.
Pindo limegusa kisigino pale pale nilipotaka.
Wallahi, mwezi mzima wa kushona
sijapata kuona nguo yangu imempenda mtu hivi.
Nimekasirika upya
kwa sababu nyingine.

Nimemwandikia: Salaam.
Nimekuta baisa mia mfukoni, nadhani ni ya mwanao.
Nikuletee wapi?
Alama mbili za buluu.
Kimya.

Rezaul ameshona utepe mwekundu, upana wa kiganja,
katikati ya kifua cha kila jalabia,
mahali ambapo hata mtandio wa Hajjat hauwezi kuuficha.
Ukikatwa, nguo ni yako.
Ameuliza, mama, wateja hawatanuna?
Nikamwambia shona, Rezaul.
Wanune wakiwa wamelipa.

Juzi limeingia agizo.
Jina jingine, Barka, nambari ya simu ileile.
Jalabia ya zambarau, saizi ileile,
na maelezo madogo chini:
tafadhali ifike kabla ya Alhamisi, nina arusi.

Nimekaa nalo hilo agizo
tangu adhana ya alasiri hadi ya magharibi.
Kidole juu ya kataa. Kidole juu ya kubali.

Nimeipiga pasi.
Nimeikunja mikono ndani, kola juu,
utepe mwekundu ukitazama mbinguni,
na juu ya utepe, kwa pini mbili,
nimebandika ile noti ya baisa mia.
Sikuikunjua.