Rangi ya Pili

Zwickau, Januari. Heidrun anakwanyua mlango
mdogo kama ukucha,
anausugua kwa msasa, anapuliza vumbi.
Trabanti. Hata lile la kweli lilikuwa plastiki,
majirani wakilicheka: sanduku la sabuni lenye taa.

Babake aliandika jina kwenye orodha
nywele zikimfunika masikio;
gari likamfikia ameshaota upara.
Aliomba buluu. Akapewa kijivu,
akashukuru.

Sasa bintiye anaichanganya ile buluu,
tone, tone, nyeupe kidogo.
Kikopo kinaonya: subiri saa ishirini na nne
kabla ya rangi ya pili.

Anacheka peke yake jikoni.
Saa ishirini na nne!

Lakini kidole kimeshagusa.
Alama imebaki juu ya boneti, mistari yake yote.
Ameiacha hivyo.