Mate ya Jumamosi

Jumatatu asubuhi yanafika ndani ya kijisanduku cha barafu,
mate ya Jumamosi,
vichupa arubaini na kimoja, kila kimoja na nambari yake,
na Konstebo Chepkorir anatia sahihi kwa mkono uliokesha.
"Wengine walikataa kutema," asema.
"Mmoja alitema, ila si chupani."

Kile cha kupuliza tulikizoea: mtu anapuliza, pombe inajisema.
Lakini bangi haijishtaki kwa pumzi,
wala vidonge vile vya buluu vinavyouzwa viwili viwili
nyuma ya vibanda vya Kilimani.
Ndipo serikali ikatuletea vipimo hivi,
ikatundika na bango pale Adams,
kijana anatabasamu nyuma ya usukani:
UKIWASHA, USIWASHE.

Mwanangu Lemayian alilisoma akacheka hadi machozi.
"Mama, aliyeandika hii alikuwa amewasha."
Nikacheka naye. Tulikuwa tunatoka Jamhuri,
ninakomfunza kuendesha kila Jumapili
kwa gari la babake, klachi ikilia kama mbuzi.

Nambari ishirini na tisa.
Umri: kumi na saba.
Barabara ya Ngong, saa nane na dakika kumi usiku.
Gari: la mzazi.
Natia matone matatu, nangoja.
Kipimo hiki kina ukaidi wake:
mstari ukitokea, mtoto ni msafi;
usipotokea, yumo.
Miaka kumi na miwili nimekuwa nikilipwa
kuandika kitu ambacho hakikuonekana.

Haukutokea.
Kalamu inakwama. Naitikisa. Naandika.

Jina halipo. Sheria imelificha kwa kuwa ni mtoto,
na mimi niliyeisifu sheria hiyo kwenye semina, tena kwa sauti,
leo ningeirarua kwa meno.
Maana Jumamosi Lemayian alilala kwa kina Mutiso.
Wanasoma kemia, alisema.
Na msumari wa funguo ukutani,
nilipoamka kwenda haja, ulikuwa msumari tu.

Mjini wako wengi wa kumi na saba.
Wako wengi, najiambia, nikiwa kwenye foleni ya lifti,
nikiwa sokoni nikibonyeza maparachichi,
nikiwa mlangoni.
Na mkobani mwangu, mali ya serikali,
kichupa kimoja ambacho sikukiandika kitabuni.

Anakula. Nakiweka kando ya sahani yake.
Anakitazama kama mtu aliyeona jina lake gazetini.
Simwambii neno. Miaka yote hii mabango yamesema,
wakuu wa shule wamesema, redio imesema.
Anafungua kifuniko. Anakileta mdomoni.
Anajaribu, koo linapanda na kushuka.

"Mama," asema, "sina mate."

Bangi hukausha kinywa. Hilo limo kwenye mwongozo, ukurasa wa nne.
Hofu nayo hukausha.
Hilo halimo.